Mashua Mbili za Baba

Nagasaki, 16 Agosti 1978

Kaka Yasunori,

Leo usitafute habari za joto wala kelele za nyenje mwanzoni mwa barua hii. Najua barua ya heshima huanza na hali ya hewa, na Mama akijua nimeruka salamu atanisema wiki nzima. Lakini nisipoandika sasa hivi sitaandika tena.

Jana nimemwona Baba.

Usicheke, na usiseme nimeingiwa na wazimu. Nisikilize kwanza. Unajua kila tarehe kumi na tano Agosti kampuni ya mabasi hunipa basi la wageni niwaonyeshe mashua za marehemu. Safari hii walikuwa watu wa Osaka, arobaini na wawili, wengi wazee, wote wameziba masikio kwa pamba kwa sababu ya fataki. Nilisimama nao kando ya barabara karibu na kituo cha tramu, bendera yangu ya kazi mkononi, saa kumi na moja na nusu jioni, jua bado linachoma. Nikawaeleza kama ninavyoeleza kila mwaka: kila mashua ni ya mtu aliyefariki tangu Agosti iliyopita. Ndugu zake wameijenga kwa mikono yao, wameweka picha yake mbele na jina la ukoo kwenye omo, pua ya mashua, na wanaivuta hadi gatini Ohato ili roho iende zake salama. Mtu mmoja, mashua moja, basi. Hakuna anayesindikizwa mara mbili.

Bibi mmoja akaniuliza, "Binti, na asiye na ndugu je?"

"Mtaa unamchangia, Bibi," nikamjibu. "Huku kwetu hata mgomvi wa mtaa anapata yake."

"Basi nahamia huku, maana kwetu mimi hawatanipa hata ndoo!"

Wakacheka wote, na mimi nikacheka. Hapo ndipo ikapita mashua ndogo, wavutaji saba au wanane tu, omo imeandikwa Urakawa, jina nisilolijua. Mbele kulikuwa na picha ya mzee mwenye mvi. Sikio lake la kushoto lilikuwa limekatika kwa juu, palepale waya wa winchi ya nyavu ulipomkata Baba. Kidevu ni chako, Kaka. Na yale macho yanayotazama kama mtu aliyekatizwa usingizi ni ya kwake, siwezi kuyakosea hata ukinifunga kitambaa usoni.

Bendera ikaniponyoka. Yule bibi akanishika mkono, "We binti, umeona jini?" Mashua ikapita, fataki zikalipuka miguuni mwangu, na mimi nimesimama tu kama gogo.

Baba alizama na meli ya nyavu Novemba 1955, yeye na wenzake kumi na wawili. Agosti iliyofuata tulimvutia mashua. Wewe ulikuwa na miaka kumi na mitano, ulishika kamba ya mbele. Mimi nilikuwa na tisa, nilibeba taa. Sasa nieleze wewe mwenye akili: mtu aliyekufa miaka yote hiyo amekufaje tena mwaka huu?

Mama sijamwambia. Jibu upesi, na uandike kwa anwani ya gereji ya mabasi, si nyumbani. Unamjua kwa barua zako: anazifungua kabla mtu wa posta hajamaliza kushuka ngazi.

Mdogo wako,
Chizuru


Hakodate, 22 Agosti 1978

Mdogo wangu Chizuru,

Barua yako imenifikia nikiwa karakanani, mikono imejaa grisi, na nimeisoma mara mbili. Kwanza pole. Pili, kunywa maji. Mtu anayesimama juani tangu adhuhuri akipiga kelele kwenye kipaza sauti, jioni ataona hata babu wa babu yake akipita na mwavuli.

Fikiria kidogo. Katika wavuvi wa kisiwa chote cha Kyushu, ni wangapi waliokatwa masikio na winchi? Hapa kwetu tu ninawajua wawili, na mmoja hana kidole pia. Ulikuwa na miaka tisa. Sura unayoikumbuka ni ya ile picha ya sebuleni, na picha ile ni ya mtu wa miaka thelathini na tano. Mzee yeyote mwenye kidevu kipana angekushtua.

Kwa hiyo nakuomba kama kaka yako, liache jambo hili. Usiende kugonga milango ya watu. Waache watu wa Goto na msiba wao. Mama naye usimguse kabisa, moyo wake si wa kuchezewa.

Huku kumeanza kupoa asubuhi. Ngisi ni wengi mwaka huu, nitakutumia waliokaushwa. Agosti hii sikuja, nilikuwa na kazi, kama kawaida. Labda mwakani.

Kaka yako,
Yasunori


Nagasaki, 29 Agosti 1978

Kaka,

Watu wa Goto?

Nimerudia barua yangu kichwani mara mia. Nilikuandikia jina Urakawa. Nilikuandikia sikio na kidevu. Visiwa vya Goto sikuvitaja hata kidogo, kwa sababu siku ile mimi mwenyewe sikujua watu wale wametoka wapi. Wewe umejuaje, ukiwa huko mwisho wa nchi na grisi yako?

Nilipoisoma nilikaa chini palepale gerejini, kwenye ngazi ya basi. Dereva akaniuliza kama nimefiwa. Nikamwambia sijui.

Kwa hiyo nimeulizia jina Urakawa, na nimekwenda. Ndiyo, nimegonga mlango. Waliovuta ile mashua ni wafanyakazi wa duka la tambi karibu na soko, na mwenye msiba ni mhudumu wao, msichana wa miaka kumi na tisa, Urakawa Mitsue. Anaishi chumba cha juu. Aliponifungulia alinitazama usoni, akarudi nyuma hatua moja, akasema, "Wewe ni Dada Chizuru." Sikuwa nimesema jina langu.

Amenipa mto wa kukalia, amenimiminia chai, kisha amepiga magoti akagusa mkeka kwa paji la uso na kuomba radhi, yeye ambaye hajanikosea lolote. Nyuma yake, juu ya cherehani, kulikuwa na sanduku lililofungwa kitambaa cheupe. Mifupa ya Baba, iliyobaki baada ya maiti kuchomwa. Nilitaka kulia nikashindwa, nilitaka kukasirika nikashindwa.

Alichonieleza ni hiki. Katika safari ile Baba alishikwa na tumbo, wakamshusha bandarini Tamanoura, kisiwani Goto, akauguzwa nyumbani kwa mwanamke mmoja. Meli ikaendelea. Jina lake halikufutwa kwenye orodha, na siku ya tatu meli ikazama na wote. Aliposikia kwamba yeye pia anahesabiwa kati ya wafu, aliogopa. Alisema angewezaje kurudi mtaani peke yake, wajane kumi na wawili wamtazame na kumuuliza kwa nini wewe? Akajiambia atakwenda wiki ijayo, kisha mwezi ujao. Agosti akajikaza akapanda boti hadi Nagasaki ili aseme ukweli. Akafika tarehe kumi na tano, akakuta mashua yake mwenyewe iko barabarani.

Akarudi kisiwani na boti ya kesho yake. Akachukua jina la yule mwanamke. Mitsue akazaliwa miaka mitatu baadaye. Mama yake alishafariki, na Baba amefariki Februari hii kwa mapafu. Kabla hajakata roho alimwambia binti yake jina lake la kweli na majina yetu, na akataka mambo mawili. Mashua yake ivutwe Nagasaki, kwenye barabara ileile. Na mifupa yake iwekwe kaburini kwa wazazi wake, yaani kwetu, kule juu tulikozika lile jiwe la pwani badala ya mwili.

Mitsue ananingoja nimpe jibu kabla ya siku ya kuzuru makaburi, tarehe ishirini na tatu Septemba. Hana mahali pengine pa kumweka. Kaburi ni la Mama kulifungua, si langu. Nikimwambia, namuua. Nisipomwambia, namfungia Baba mlango.

Sasa zamu yako. Usinitajie ngisi. Niambie ulichojua.

Chizuru


Hakodate, 5 Septemba 1978

Chizuru,

Nitaandika bila kusimama, nikisimama nitaichana.

Agosti ile ya mashua, tulikuwa tumefika kwenye kona ya kushukia gatini. Mtaa mzima ulikuwa unavuta pamoja nasi, sauti zimekauka. Mama alikuwa nyuma yangu kwenye kimono chake cheusi. Niliinua uso nijipanguse jasho, nikamwona. Amesimama nyuma ya muuza barafu, amevaa kofia ya majani, amekonda, na lile sikio. Alikuwa ananitazama mimi.

Miguu ilisimama, kamba ikalegea. Mzee Moriuchi wa duka la tofu akanisukuma mgongoni, "Vuta, kijana! Utamcheleweshea baba yako safari!" Nilifungua mdomo nimwambie, na Baba akatikisa kichwa. Mara moja tu, polepole, kama alivyokuwa akinikataza kugusa kisu chake. Kisha akaunganisha viganja akaiinamia mashua. Akaiinamia picha yake mwenyewe, Chizuru, watu wote pembeni yake wakiinama pia na hakuna aliyemtazama mara ya pili.

Nikavuta. Nilipiga kelele kuliko wote, mpaka watu wakanisifu kuwa nina uchungu wa kweli. Nilikuwa nazuia nisisikike nikilia.

Utaniuliza kwa nini sikusema. Ningesemaje? Simamisheni mashua, marehemu yuko pale kwa muuza barafu? Usiku wa kuamkia siku ile Mama aliniambia kwamba mashua ikifika tu gatini, yeye ataweza kulala. Na alilala kweli. Tangu Novemba ile alikuwa anakaa macho kwenye ngazi za mbele, unakumbuka? Asubuhi ya tarehe kumi na sita ilibidi nimwamshe. Nilimtazama amelala mdomo wazi kama mtoto, nikaona usingizi ule sasa ni wangu kuulinda.

Mwaka mpya ikaja kadi, haina jina la mtumaji, muhuri wa posta ya Fukue, kisiwani Goto. Maneno yalikuwa matatu: Asante kwa kuvuta. Niliichoma jikoni, nikamwambia Mama nachoma karatasi za shule. Nilipofikisha miaka kumi na minane nikapanda treni kuelekea kaskazini mpaka reli ikaisha, nikavuka kwa feri. Kila Agosti nasema nina kazi. Sina kazi. Karakana yote inafungwa, nakaa chumbani na redio.

Nilijiambia siku atakayokufa kweli nitapumua. Barua yako ya kwanza ilipofika nilikaa nikisubiri pumzi hiyo, haikuja.

Mwambie Mitsue ndiyo au hapana, utakavyoona. Mimi sina haki ya kusema.

Yasunori


Nagasaki, 9 Septemba 1978

Kaka,

Mama ameisoma.

Umeandika anwani ya nyumbani. Nilikuambia gereji! Barua ya kwanza uliipeleka gereji, hii imepanda ngazi mia na ishirini moja kwa moja hadi mkononi mwake. Ulisahau, au umechoka kuficha? Usinijibu, sitaki kujua.

Nilirudi kutoka kazini nikamkuta amekaa sakafuni jikoni, kurasa zote nne zimepangwa mbele yake kwa utaratibu. Nilidhani ataanguka. Akaniambia, "Chemsha maji." Nikachemsha. Akanywa chai. Akauliza, "Huyo msichana anafanya kazi duka gani?" Nikamwambia. Akainuka akaendelea kutwanga samaki wa kutengenezea vipande vya kesho. Tangu juzi hajatamka neno lingine, na vipande vyake vya samaki vinatoka sawasawa vyote. Hicho ndicho kinachonitisha.

Na mimi nina langu nawe. Unajua ninachowaambia wageni kila mwaka, mashua zikianza kupita? Nawaambia, baba yangu mzazi alipita barabara hii mwaka 1956, na mimi nilimbebea taa. Wazee hutoa leso. Ndiyo sehemu ya maelezo yangu wanayoipenda kuliko zote, hata meneja anaisifu. Miaka kumi natangaza uongo kwa kipaza sauti, na kaka yangu amekaa Hakodate anajua. Ungeniandikia mstari mmoja tu.

Nimekukasirikia kiasi kwamba naogopa. Lakini katika kusoma barua yako, nilipofika pale kwa muuza barafu nililia, nikakuona na miaka yako kumi na mitano. Basi sijui nikufanye nini.

Sasa hivi, nikiandika, Mama amesema neno lake la kwanza: kesho anashuka sokoni. Hajawahi kwenda sokoni Jumapili.

Chizuru


Nagasaki, 24 Septemba 1978

Yasunori, mwanangu,

Joto limekwisha, maua mekundu ya makaburini yamefunguka, na miguu yangu haijambo ila ngazi. Hayo ndiyo ya mwanzo wa barua. Dada yako siku hizi anadhani salamu ni za hiari.

Naandika mwenyewe kwa sababu Chizuru angepamba.

Nilipoisoma barua yako sikuona giza, sikuanguka, kama ninyi wawili mlivyokuwa mkiogopa. Nilishtuka, ndiyo. Nilishtuka mpaka vidole vikawa baridi, nikavitia kwenye maji ya chai. Siku mbili nilishindwa kusema kwa sababu kila nikifungua mdomo nilitaka kucheka. Niliwaza ile mashua. Nilivyogombana na fundi kwa ajili ya taa! Nilivyomtukana Moriuchi kwa sababu ya fataki chache! Na mwenyewe yuko pale anatazama, hata barafu labda alinunua.

Siku ya tatu kicheko kikaisha. Nikashuka kwa yule msichana. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia, njia nzima nikipanga maneno. Akanifungulia, mwembamba, mikono imeungua kwa supu za watu, akanipa kipande cha keki ya viazi vitamu ya kwao. Nikakila, maneno yote yakapotea. Kosa la mtu mzima sitalimwaga kwa mtoto. Nikamwambia alete mifupa siku ya makaburi.

Jana tukapanda wote watatu, na fundi mawe, Bwana Tagawa. Majirani walikuwa wamejaa makaburini na ubani wao, na masikio yao yote yalikuwa kwetu. Tukafungua. Nikatoa lile jiwe la pwani na kumrudishia Chizuru, maana yeye ndiye aliyeliokota. Mitsue akaweka chungu cha mifupa kando ya wazazi wa mume wangu. Baba yenu alitaka kulala kwa wazazi wake, amelala. Sikumfungia.

Kisha nikamwambia Tagawa alete patasi.

Unajua jina langu liko pale. Tulipomchongea baba yako jina, walinichonga na mimi ubavuni mwake papo hapo, kama wanavyofanyiwa wajane, na kulitia rangi nyekundu kwa kuwa bado napumua. Nikifa, rangi inafutwa, naingia. Miaka ishirini na miwili nimepanda pale nikisugua moshi wa ubani kwenye jina lake na langu.

"Futa," nikamwambia.

"Rangi, Mama?"

"Jina."

Akanitazama, akamtazama Chizuru. "Mama Iwanaga, kazi hii nimeifanya miaka arobaini. Jina la mke aliye hai sijawahi kuling'oa."

"Basi leo utajifunza."

Mama Moriuchi akaachia ndoo yake ya maji, ikabingiria ngazi zote. Hakuna aliyeifuata. Chizuru akanishika mkono, "Mama, na wewe utazikwa wapi?" Nikamwambia sijui, na nilipolisema nilishtuka mwenyewe, kwa sababu sikujisikia vibaya. Mitsue alilia sana. Alidhani ni kwa ajili yake. Nikamwambia, "Wewe njoo kila mwaka, ule nasi, wewe huna kosa. Ila hapa mmiminie chai wewe. Mimi sijui tena baba yako anainywaje."

Tagawa alichukua saa nzima. Jiwe ni gumu.

Sasa wewe. Yeye nimemalizana naye. Mtu akiogopa wajane kumi na wawili na kumwacha wa kumi na tatu, sina la kumwambia. Lakini wewe ulinilindia usingizi kwa ujana wako wote, na hukuniuliza kama nautaka. Ningeutupa usingizi ule jalalani siku hiyohiyo, nikabaki na mwanangu. Hilo ndilo linaloniuma, na nitakugombeza uso kwa uso, si kwa barua. Usiseme una kazi. Nimeshamwambia Chizuru atandike godoro lako.

Jambo la mwisho. Tangu mwaka ule, wali ukiiva, kijiko cha kwanza nilikuwa nampelekea yeye kwenye madhabahu ya nyumbani, nawasha ubani, nampigia kengele, nampa habari za jana. Nikirudi chakula changu kimeshapoa. Asubuhi hii nilipakua kama kawaida, nikasimama na bakuli mkononi katikati ya sebule. Nikakaa chini palepale nikaula mwenyewe, wa kwanza, ungali unatoka moshi. Nimeungua ulimi. Kumbe wali wangu ni mtamu hivi, na hakuna aliyeniambia.

Mama yako,
Sadayo